Zamu ya Asiyekuwepo

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na mashairi niliyajua kama mtu anavyoujua ugomvi wa jirani, kwa kuusikia ukutani. Ukuta wenyewe ni wa mbao nyembamba, uliogawa ukumbi mmoja ukawa madarasa mawili. Upande huu nilikuwa mimi na sehemu zangu na asilimia, na upande ule alikuwa Mwalimu Vina. Hilo si jina alilopewa na baba yake. Ni la wanafunzi, kama lilivyo langu la Baki, kwa sababu kila nikigawanya kitu ubaoni nauliza, "Baki ngapi?" Yeye lake alilipenda. Mimi langu nimelizoea.

Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Aliolewa, akafiwa, hakujaliwa mtoto, akaishi na mdogo wake, fundi cherehani, katika vyumba viwili nyuma ya kibanda cha kushonea. Chuoni alisomea maarifa ya nyumbani. Mashairi alisukumiwa siku mwalimu wa somo hilo alipopewa uhamisho na asiletwe mwingine, na mkuu wa wakati ule alimwambia ashikilie tu kwa muda. Akashikilia mpaka nywele zikaingia mvi. Kwao, aliniambia, baba yake alikuwa na kigugumizi kikali. Hakuweza hata kuomba chumvi. Lakini akiwa na jambo zito alipiga vidole mezani, akalisema kwa mizani, na neno halikumkwama hata moja. Kwa hiyo kwake shairi halikuwa pambo. Lilikuwa njia ya mtu kutoka alikofungiwa.

Ndiyo maana hakuwaruhusu watoto wakae kitako na kuchambua. "Kwanza lipite mwilini," alikuwa akisema, "dhamira zitakuja zenyewe." Nilisikia nyayo zikitembea darasani kwake, hatua moja kwa kila mizani, na mgeuko mmoja mshororo unapofika nusu. Siku nyingine alilikata shairi vipande, mshororo mmoja mmoja, akavitia kikapuni, na makundi yakabishana juu ya mpangilio hadi mkuu wa shule akaja akidhani watu wanapigana. Kuna siku aliwapanga wanong'oneze ubeti mmoja ukutani, kila mtu kwa zamu yake, na ukuta ni huo wa kwangu. Nilimfuata ofisini. "Mwalimu, wanafunzi wako wananinong'oneza."

"Wanafanya mazoezi ya kusema siri," akanijibu. "Ulisikia nini?"

"Nilisikia mate tu."

Akacheka mpaka akashika meza. Nilipenda kumchekesha, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Mchezo walioupenda kuliko yote ni wa kupokezana. Watoto walikaa duara, na yeye kwenye kiti chake cha mbao humo humo duarani. Wa kwanza anatunga mshororo wenye vipande viwili, mizani nane na nane. Anayefuata anachukua kina cha mwisho cha mwenzake, anamalizia nacho kipande chake cha kwanza, kisha kipande cha pili anakimaliza apendavyo, ili ampe jirani naye kazi. Mmoja anasema, "Mvua imegonga bati, nikaamka na hofu." Wa pili anadaka hiyo "fu" hewani: "Paka wetu ni dhaifu, amelala kwa jirani." Na wa tatu tayari anatafuta lake la "ni" huku akicheka. Ni hesabu hiyo, nilimwambia, mmeipaka manukato tu.

Halafu kulikuwa na sheria yake. Mtoto asipokuja, zamu yake hairukwi. Ikifika mahali pake, darasa zima linapiga makofi kumi na sita polepole, bila neno, kisha mchezo unaendelea na kina kile kile cha mwisho kilichosikika. Nilimkumbusha methali, kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Akaniambia, "Hiyo ilitungwa na mlafi aliyekula chakula cha mwenzake." Mtoto akirudi baada ya homa wenzake walimwambia, "Jana tulikupigia," na yeye akaona fahari. Wanafunzi wangu mimi wakikosekana nilitia alama ya kosa na kwenda jina linalofuata. Nilijiona mtu wa kazi.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya chakula cha mchana, wakati ambao hata nzi wanasinzia. Nilikuwa peke yangu nasahihisha. Ng'ambo walikuwa wakipokezana, zamu zikizunguka vizuri, kisha kukawa kimya, kisha makofi. Nikajiuliza leo nani hayupo. Makofi yakaisha, lakini mshororo haukufuata. Yakaanza tena, yakaisha, yakaanza tena. Nikapandwa na hasira, nikatoka kwenda kuwaambia kwamba kuna watu wanafanya kazi.

Mlango ulikuwa wazi. Watoto walikuwa wamekaa duara, migongo wima, wanapiga makofi kwa adabu kabisa, na wengine machozi yakiwatiririka. Mwalimu Vina alikuwa kwenye kiti chake, kinywa wazi, mkono wa kulia umening'inia, jicho moja likinitazama na jingine halitazami kitu. Zamu yake ilikuwa imefika, hakutoa neno, na wao wakamfanyia kile alichowafundisha kumfanyia asiyekuwepo.

Ni kiharusi, daktari alisema. Upande wa kulia umelala na kauli imekatika. Mkuu wa shule aliniita kesho yake. "Baki, wewe uko karibu naye. Chukua na hicho kipindi."

"Niko karibu kwa mbao, Mkuu, si kwa mashairi."

"Hivyo hivyo," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Nikaingia na chaki yangu. Niliwaandikia mizani kama jedwali la kuzidisha, wakanitazama kwa huruma. Mwishowe niliwaachia wapokezane, nikakaa dirishani. Kiti chake walikiacha duarani, na sikuwakataza. Upande mmoja wa kiti alikaa kiranja, kijana mrefu mwenye sauti ya kanisani, na upande wa pili msichana mdogo mkali waliyemwita Kipini. Zamu zikaja mpaka kwa kiranja, akasema, "Nani yuko barazani, ameufunga mlango." Ikafuata zamu ya kiti. Wakapiga kumi na sita. Kisha Kipini akasema, bila kusita, "Nimevisikia viti, vikivutwa polepole."

"Umekosea," nikamwambia, nikafurahi kidogo kupata la kusahihisha. "Kiranja amekupa 'ngo'. Hiyo 'ti' umeitoa wapi?"

"Kwa aliyenitangulia, Mwalimu."

"Aliyekutangulia ni kiranja."

"Hapana, Mwalimu." Alinieleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mzee asiyesikia vizuri. "Kiranja amemtangulia yeye." Na akakitazama kiti.

Niliwatazama wengine nikitegemea mtu acheke. Hakucheka mtu. Wanafunzi wote walikuwa wakisubiri niache kupoteza muda wao.

Mtu wa hesabu hakubali jambo kwa sababu limemsisimua mgongo. Kipindi kilichofuata niliwaambia makofi yakiisha asiseme mtu. Kila mmoja achukue kipande cha karatasi, akifunike kwa mkono, aandike kina alichopokea. Kiranja alikuwa ameishia kwa "ka". Nikavikusanya na kuvifungua kimoja kimoja mezani. Vyote vilisema "wa". Walioketi mbali, walionuniana, na yule mmoja anayelala kila kipindi, aliyeandika "wa" kisha akaendelea na usingizi wake. Uwezekano wa jambo hilo ni sawa na uwezekano wa mimi kushinda taji la urembo. Mimi sikusikia chochote isipokuwa makofi, na nilisikiliza kwa nguvu hadi shingo ikauma.

Ajabu ni kwamba nilifurahi. Nilimwona kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba, anayegonga, na watoto wake wanaitika. Jioni nikaenda kumwambia mdogo wake. Fundi aliweka mkasi chini. "Kaka, hata mimi nina jambo," akasema. "Kila siku baada ya chakula cha mchana, vile vidole vya kushoto vinaanza kupiga shuka. Taratibu, kwa mpango. Na midomo inacheza. Nikajua tu, dada anafundisha." Tukakaa pale kati ya mabaki ya vitambaa tukifuta macho, watu wazima wawili, kama waliopokea salamu kutoka safarini.

Siku iliyofuata nilimwachia kiranja darasa, nikaenda hospitali saa ya kipindi. Fundi alikuwa ameketi anashona vifungo. Mwalimu Vina alilala chali, uso umepinda upande. Muda ukafika, vidole vikaanza kupiga shuka, na midomo ikaanza kucheza. Fundi akanitabasamia juu ya sindano yake. Mimi nikainama karibu nipate walau kina.

Sauti haikuwepo, pumzi tu. Lakini midomo ilisomeka, maana alikuwa akilirudia neno moja kwa kila pigo la kidole, na jicho lake zima limenikazia. Si mimi. Si mimi. Si mimi.

Nilibaki nimeinama hivyo hivyo, nikiogopa kuinuka. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za darasa lile. Fundi hakuyaona maneno hayo kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye vifungo vyake. Mwisho nikamnong'oneza, "Zamu yako kuna mtu anaichukua?" Ule mkono mzima ukaacha shuka, ukanishika hapa kwenye kifundo cha mkono. Alama za kucha nilikaa nazo wiki.

Kesho yake asubuhi, kabla ya watoto kuingia, nilikitoa kile kiti duarani. Kilikuwa kiti chepesi tu cha mbao, lakini nilikibeba kwa mbali kama mtu anayebeba sufuria la uji wa moto. Nikakipeleka kwenye chumba changu cha darasa, ng'ambo ya ukuta, nikakibana nyuma kabisa, na mchezo wa kupokezana nikaupiga marufuku. Kipini alipoona pengo aliniuliza, "Mwalimu, sasa atakaa wapi?"

"Nani?"

Akalitazama lile pengo. Wenzake walitazama chini. Tukafanya ngeli za majina mpaka kengele.

Mwalimu Vina aliruhusiwa kurudi nyumbani, akaanza kujifunza kusema kama mtoto. Fundi alimshikisha kikombe mpaka aseme maji, alimshikisha uzi mpaka aseme uzi. Maneno mafupi yalikuja, mengi yakiwa yamevunjika. Mkuu wa shule alikwenda kumwona, na simlaumu, maana ana watoto wanaokaribia mtihani. Alimwambia kabla ya shule kufungwa aje afundishe kipindi kimoja mbele yake. Akiweza, kazi ni yake. Akishindwa, ataandikiwa apumzike kwa sababu za afya, na nafasi atapewa mwingine. Fundi alinisindikiza hadi njiani siku hiyo. "Dada yangu akipumzishwa atakufa," akasema. "Si maneno ya uchungu, kaka. Namjua. Yule akikosa watoto mbele yake hali chakula."

Siku ya kipindi alikuja akimwegemea mdogo wake, amevaa gauni lililopunguzwa upya kwa sababu mwili ulikuwa umekwisha. Mkuu alimletea kiti chake mwenyewe cha ofisini, chenye mikono, asije akaanguka. Kisha akakaa nyuma. Mimi nikasimama karibu na ukuta wa mbao. Wanafunzi wangu walikuwa uwanjani, chumba changu nimekifunga, ufunguo uko mfukoni.

Watoto walimpokea kwa furaha. Yeye hakupoteza muda. Kwa mkono wa kushoto alichora duara hewani, nao wakavuta viti. Akanyoosha kidole kwa wa kwanza. Nikaelewa kwamba alikuwa amechagua mchezo ule ule, na nikataka kumzuia, lakini alinitupia jicho moja, nikafyata. Zamu zikaanza kuzunguka. Mishororo ilikuwa mizuri, watoto walikuwa na njaa nayo. Ikafika kwa kiranja, akaimalizia kwa "zo". Ikaja kwake.

Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Kinywa kilibaki wazi, upande mmoja umeshuka, vile vile nilivyomkuta siku ile. Nikaona mikono ya mtoto mmoja ikiinuka, kisha ya wa pili, viganja vikikaribiana.

"Msipige," nikasema. "Yupo."

Sikujua kama ninayo sauti ya namna ile. Mikono ikashuka. Mkuu akatazama saa yake, akaona aibu, akaificha. Tukasubiri. Na katika kusubiri huko, ng'ambo ya ukuta, ndani ya chumba changu kilichofungwa, makofi yakaanza.

Yalikuwa ya polepole, ya mtu mmoja. "Una darasa kule?" Mkuu akaninong'oneza. Nikatikisa kichwa. Pigo baada ya pigo, kwa mwendo ule ule wa watoto, na mbao zikitetemeka chini ya kiganja changu. Nilimwona Kipini akigeuza shingo kuelekea ukutani, midomo ikifunguka, uso ukitulia kama wa mtu anayengoja kupewa kitu mkononi. Wengine nao wakageuka. Mwalimu Vina aliwaona wanavyogeuka. Maishani sijaona uso wenye upweke kama ule, mtu amekaa katikati ya wanawe na wote wanamsikiliza mwingine.

Makofi manane ya kwanza yakaisha. Yakaanza manane ya pili. Ndipo akakunja ngumi ya kushoto, akaanza kujipiga pajani, si kwa kufuata yale makofi, ila kinyume chake, haraka, kwa mwendo wake mwenyewe. Shingo ilimsimama mishipa. "Ni," akasema. "Ni. Ni." Mate yakamtoka, Fundi akainuka mlangoni, nikamzuia. Kule ng'ambo yalikuwa yamebaki mapigo mawili au matatu.

"Nipo," akasema. Kisha kwa sauti yake ya kukwaruza, nzima kabisa, "Nipo."

Makofi yakakatika. Hayakumaliza. Katika kimya kile sisi wote tulikuwa tukimtazama Kipini, maana zamu ilikuwa yake na ni yeye wa kuamua amepokea kutoka kwa nani. Alikuwa bado ameelekea ukutani. Akageuka taratibu, akamtazama mwalimu wake, akaweka mkono juu ya ule mkono uliolala, akasema:

"Mwalimu, keti ulipo, hakuna wa kukutoa."

Mkuu alitoka bila kuaga. Barua ya kupumzishwa haikuandikwa, wala hajaligusia jambo lile hadi leo, ingawa chumba changu hakiingii tena hata nikimwita aje aone paa linavyovuja. Mwalimu Vina anafundisha. Anasema maneno machache, na watoto wamejifunza kumngoja. Sheria yake aliifuta mwenyewe: mtoto asipokuja, jirani zake wanasogea mpaka magoti yanagusana, na mchezo unaendelea.

Mimi nilimvizia Kipini siku moja akifuta ubao, nikamuuliza yule wa ng'ambo alitaka kumpa kina gani siku ile.

"Sikupata kina, Mwalimu. Alikatizwa."

"Hakusema kitu?"

Aliendelea kufuta mpaka ubao ukawa safi. "Alisema haidhuru," akaniambia. "Alisema kwa Mwalimu Baki viti vitupu ni vingi, na hakuna anayeuliza ni vya nani."

Kesho yake asubuhi niliita majina kama kawaida. Nikaliita moja, asiitike mtu. Kalamu yangu ilikwisha kugusa karatasi kutia alama ya kosa. Nikaiweka chini, nikawaambia waliobaki wasogee wakae pamoja wasiache nafasi, nikatoka kwenda kwao yule mtoto kumtafuta.